Msaada: tishu za mfumo wa neva zinatoka tabaka lipi la kiinitete?

Ganglioni: Wakuu, kama mfumo wa neva wote ni ektoderma (tabaka la nje la kiinitete), kwa nini mikroglia (seli za kinga za ubongo) huhesabiwa mesoderma (tabaka la kati)? Na kwa nini seli za Schwann hazikai kundi moja na oligodendrositi wakati zote hutengeneza mielini (ala ya mafuta inayofunika nyuzi za neva)?

Bamba: Mkuu, ukisema "ektoderma" taja ni sehemu gani. Wiki ya 3 notokodi (fimbo laini ya katikati ya kiinitete) huichochea ektoderma iliyo juu yake inenepe iwe bamba la neva. Bamba hujikunja, na karibu siku ya 22 kingo huanza kuungana usawa wa shingo, kisha mfungo unaelekea kichwani na mkiani hadi bamba liwe mrija wa neva. Ukuta wa mrija huo hutoa niuroni (seli za neva) za ubongo na uti wa mgongo, pamoja na seli saidizi: astrositi, oligodendrositi na ependima. Seli zinazobanduka kwenye kingo, yaani kishungi cha neva, huhama: humo mna Schwann, ganglia (vifundo vya seli za neva) za hisi za uti wa mgongo, ganglia za otonomia (neva zinazojiendesha zenyewe), hata sehemu ya ndani ya tezi ya adrenali. Mikroglia ni wahamiaji tu, makrofaji (seli za kinga zinazomeza uchafu) kutoka mfuko wa yoki ulioshikana na kiinitete.

Akzoni: Nyongeza. Niuroni ya mwendo huwachanganya wengi: mwili wa seli umo pembe ya mbele ya uti wa mgongo, kwa hiyo ni ya mrija, lakini akzoni (uzi mrefu wa niuroni) ikishatoka nje hufungwa na Schwann za kishungi. Neva ya macho nayo ni mtego. Huitwa neva ya 2 ya kichwa, kumbe retina na neva yenyewe vilichomoza kutoka ubongo, ndiyo maana mielini yake ni ya oligodendrositi na multipo sklerosisi, ugonjwa unaoharibu mielini ya ubongo na uti wa mgongo, huishambulia.

Ganglioni: Shukrani. Na kasoro za kuzaliwa?

Bamba: Tundu la mbele la mrija hufunga karibu siku ya 25, lisipofunga ni anensefali (mtoto hukosa sehemu kubwa ya ubongo). La nyuma karibu siku ya 28. Lisipofunga ni mgongo wazi. Wakati huo wengi hawajajua kama ni wajawazito, hivyo asidi ya foliki, maikrogramu 400 kwa siku, ianzwe angalau mwezi mmoja kabla ya mimba. Aliyewahi kupata mimba yenye kasoro hiyo huandikiwa miligramu 4 na daktari.

Akzoni: Hirschsprung, ugonjwa wa utumbo kukosa ganglia, usiiweke hapo, ni ya kishungi. Seli huteremka utumbo kutoka juu kwenda chini. Zikiishia njiani, rektamu ndiyo hukosa ganglia.