Maji ya kijani ya mabwawa ya majitaka: naweza kumwagilia mchicha na nyanya?

Jaruba_la_Chini: Wakuu, habari za jioni. Nina kipande huku Mabogini, Moshi, chini ya mabwawa ya majitaka. Wenzangu siku nyingi wanalimia mpunga maji yanayotoka kule, na unastawi kweli. Mimi kiangazi hiki nataka mchicha na nyanya. Maji ni ya kijani kibichi, mchana hayanuki. Hiyo rangi ni kemikali? Yanafaa?

Toroli_Bovu: Mkuu, maji ya chooni ni ya chooni tu. Chimba kisima.

MzeeWaChemba: Hela ya kisima utampa wewe, Toroli?

Nimesimamia mabwawa ya aina hiyo mpaka nikastaafu, ila mji mwingine, si Moshi. Hakuna kemikali hapo, huo ni mwani, mimea midogo sana ya majini. Bwawa la kwanza huwa refu kwenda chini, mita 2 hadi 5, tope linatuama humo. La pili halizidi sana mita 1.5, jua linapenya, mwani unatoa oksijeni na bakteria wanamalizia uchafu. Ya mwisho kazi yake ni kuua vijidudu: mchana mwani ukifyonza kaboni dioksaidi, maji yanakuwa makali kama magadi, pH inapanda kupita 9, na jua nalo linachoma.

Lakini mayai ya minyoo jua haliyatishi. Yanatoka kwa kuzama tu, na yanataka muda. Kwa hiyo rangi iache, uliza maji yamekaa siku ngapi. Bwawa likijaa tope maji yanapita mbio, na juu bado utaona kijani kizuri. Sisi tulikuwa tunafunga taulo jeupe kwenye ufito mrefu, tunauzamisha hadi chini. Palipochafuka ndipo tope lilipofika. Likifika theluthi ya kina, unaondoa.

Mwongozo wa WHO (Shirika la Afya Duniani) wa 1989 ulisema hivi kwa mazao yanayoliwa mabichi: vijidudu vya kinyesi visizidi 1,000 kwa mililita 100, yai la minyoo lisizidi 1 kwa lita. Nenda mamlaka ya maji uombe majibu ya maabara. Kama huna karatasi hiyo mkononi, baki na mpunga. Nyanya za kachumbari usithubutu. Na vaa buti, safura inaingilia kwenye nyayo.

Mama_Majaruba: Na urea punguza, mwanangu. Maji yale yana mbolea tayari. Ukizidisha, mpunga unarefuka majani halafu unalala.

Jaruba_la_Chini: Asante mama, shikamoo mzee. Sasa yakienda moja kwa moja mtoni, si ndiyo salama zaidi kwetu?

MzeeWaChemba: Marahaba. Kwenu labda, ila wa chini je? Mwani nao ukifa unaoza, unakula oksijeni ya samaki. Kiwango cha Tanzania ni BOD (oksijeni ambayo uchafu unakula ukioza) miligramu 30 kwa lita, na mwani peke yake unaweza kukuvusha hapo. Maji ya upande huo yanateremkia bwawa la Nyumba ya Mungu, kwa wavuvi. Bora yapite kwanza kwenye majaruba, mpunga unyonye nitrojeni na fosforasi. Mchicha weka ukishapata majibu, na mwagilia mfereji kwa mfereji, usirushie majani.