Je, dawa za mzio zinaweza kudhoofisha mifupa?

Binti wa Temeke
Habari zenu, ndugu. Mama yangu ana miaka 63 na kwa muda mrefu amesumbuliwa na mzio wa vumbi, yaani kupiga chafya mfululizo, macho kuwasha na mwili kutoka vipele. Humeza Piriton karibu kila usiku, na hali ikizidi hununua vidonge vingine katika duka la dawa la mtaani. Hivi karibuni aliteleza uani usiku akavunjika mkono, na daktari akaeleza kuwa mifupa yake imepungukiwa madini. Jirani anashikilia kwamba dawa za mzio ndizo zinazokula mifupa. Naomba mwenye uelewa anifafanulie.

Mfamasia wa Kariakoo
Pole sana dada, na umpe mama pole. Piriton hufanya kazi kwa kuzuia histamini, kemikali ya mwili inayoleta dalili za mzio, na kwa histamini yenyewe, jirani ameligeuza jambo kichwa chini. Kemikali hii, ambayo mwili huitengeneza kutokana na histidini na kuihifadhi kwa wingi ndani ya seli za masti (aina ya seli za kinga), haiishii kwenye chafya na vipele. Mfupa hubomolewa na kujengwa upya maisha yote, na histamini huchochea osteoklasti, yaani seli zinazobomoa. Panya wa maabara waliozaliwa bila kimeng'enya cha kutengeneza histamini walikuwa na mifupa yenye madini mengi zaidi, na hata walipoondolewa ovari hawakupoteza mfupa kama panya wa kawaida. Kwa binadamu, wagonjwa wa mastositosisi, ambao seli zao za masti huongezeka kupita kiasi, mara nyingi hupata osteoporosisi, yaani mifupa kupungukiwa madini na kuwa dhaifu.

Kwa mantiki hiyo, dawa inayozuia histamini ingetarajiwa kuulinda mfupa kuliko kuudhuru. Hata hivyo, hakuna mwongozo wa tiba unaoagiza Piriton kwa ajili ya mifupa, na mtu asiimeze kwa nia hiyo. Kwa mwanamke wa umri huo, kupungua kwa homoni ya estrojeni baada ya kukoma hedhi ni sababu ya kwanza ya kufikiriwa.

Mzee wa Upanga
Naomba kuongeza kuhusu dawa za tumbo, kwa sababu watu huzichanganya. Famotidini nayo ni kizuizi cha histamini, ila hufanya kazi kwenye vipokezi vya H2 vya tumboni ili kupunguza asidi, ilhali Piriton hushughulika na vile vya H1, vinavyohusika na mzio. Omeprazoli, dawa nyingine ya kupunguza asidi, si antihistamini (kizuizi cha histamini) hata kidogo, na ndiyo ambayo kundi lake lilitolewa tahadhari ya kuvunjika mifupa na mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2010. Anayetumia dawa hizi za asidi na kumeza kalisi kabonati ajue kuwa kalisi ya aina hiyo huhitaji asidi ili iyeyuke vizuri, kwa hiyo aimeze pamoja na chakula.

Mkufunzi wa Uuguzi
Mimi ningeuliza kwanza alianguka vipi. Piriton huingia kwenye ubongo, husababisha usingizi, ukungu wa macho na, kwa wazee, hata kuchanganyikiwa. Mama anayeamka saa nane za usiku kwenda choo cha uani akiwa bado na dawa kichwani anaweza kuvunjika bila dawa hiyo kuugusa mfupa wenyewe. Aulize daktari kama loratadini, dawa ya mzio isiyosinzisha sana, ingemfaa. Setirizini nayo haisinzishi kama Piriton, ingawa wengine huwasinzisha.

Binti wa Temeke
Nashukuruni sana. Nimeangalia vile vidonge vya dukani: vimeandikwa prednisoloni. Mama anasema amevitumia kwa miezi kadhaa, kwa sababu "vinamaliza kabisa".

Mfamasia wa Kariakoo
Basi hapo ndipo pa kuangalia. Prednisoloni si antihistamini bali ni steroidi, yaani dawa inayoiga homoni ya tezi za adrenali zilizo juu ya figo, na huuzwa mkono mmoja na dawa za mzio hadi watu huziona ndugu. Hupunguza kazi ya seli zinazojenga mfupa, hupunguza kalisi inayofyonzwa kutoka tumboni na huongeza inayopotea kwenye mkojo. Hatari ya kuvunjika huanza kupanda ndani ya miezi michache ya kwanza. Ndiyo maana miligramu 2.5 tu kwa siku, zikitumika miezi mitatu au zaidi, zinatosha kudai mifupa ipimwe. (Haya yanawahusu pia mabinti wanaomeza vidonge vya kunenepa: siproheptadini ni antihistamini ya kuongeza hamu ya kula, lakini ikichanganywa na deksamethasoni, mlaji anakula steroidi.)

Mama asiache ghafla, kwani tezi zake za adrenali huenda zimezoea kutegemea kidonge na anaweza kuishiwa nguvu vibaya. Daktari ndiye atakayepanga kupunguza dozi taratibu. Nenda naye kliniki ukiwa na pakiti zote, taja dozi na muda, kisha ulizeni kuhusu kipimo cha DEXA (cha kupima madini ya mifupa), vitamini D, na dawa ya kupuliza puani, ambayo hata ikiwa na steroidi, kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo sana.

Binti wa Temeke
Nimekuelewa. Tutakwenda Jumatatu, na pakiti nimeshazikusanya.