Delivari ya pikipiki Dar: unajenga maisha au unazungusha hela ya mafuta?

Mzee wa Kasha
Wakuu, leo tulimalize hili. Jana shemeji yangu kaniambia mbele za watu kwamba kupeleka mizigo kwa pikipiki ni kazi ya kusubiria kazi. Nina mwaka wa tano nasambaza mizigo kutoka Kariakoo: nguo, vipodozi, simu, mpaka keki. Siku ya kawaida naingiza 45,000. Toa mafuta 10,000, hesabu ya tajiri mwenye pikipiki 10,000, kula 5,000, bando 1,000. Inabaki 19,000. Kwa siku 26 ni 494,000. Kima cha chini serikalini, hata baada ya kupandishwa Julai 2025, ni 500,000, na hapo makato bado. Nimenunua kiwanja Chanika kwa hela hii hii, hakuna aliyeniongezea hata jero. Kuna walimu mtaani kwetu wananikopa mimi.

Mpiga Debe Mstaafu
Miaka mitano na bado unapeleka hesabu kwa tajiri. Endelea mkuu, tunakusikiliza.

Mzee wa Kasha
Usichekelee usichokijua. Mkataba wa kwanza, ule wa kulipa hesabu mpaka pikipiki inakuwa yako, nilimaliza, miezi 14, kadi ikawa yangu. Lakini pikipiki iliyokimbia Bunju na Mbagala kila siku kwa miezi 14 unakabidhiwa ikiwa bibi kizee. Niliitengeneza injini mara mbili, nikaiuza, nikaingia mkataba mwingine. Ndivyo kazi ilivyo.

Mguu wa Chuma
Naomba kuuliza kidogo. Siku ukivunjika mguu hiyo 19,000 inatoka wapi? Mimi nilianguka Tabata mwaka 2021. Wiki tatu wodini, miezi minane sikukanyaga gia. Bima ilikuwepo, ile ndogo, ya kumlipa uliyemgonga. Aliyeendesha hayumo. Tajiri alikuja kuchukua pikipiki yake siku ya nne, na simlaumu, ni mali yake.

Mwl. Chaki Nyeupe
Kabla hatujafika mbali, hao walimu wameingiaje kwenye hesabu zako za mafuta? Mshahara wangu unaingia mvua inyeshe jua liwake. Nikiumwa mwezi mzima nalipwa. Mke na watoto wana kadi ya bima ya afya. Wewe ukipata mafua, nyumbani kwako wanakunywa uji wa chumvi. Halafu unasema tunakukopa!

Mzee wa Kasha
Nimerusha jiwe gizani, nimesikia yowe. Jina sijamtaja mtu, Mwalimu.

Mpiga Debe Mstaafu
Mwalimu asisahau kutuambia kuhusu kikokotoo, ile kanuni ya kupigia hesabu ya pensheni. Unafundisha miaka 35, ukistaafu unapewa asilimia 33 ya chako kwa mkupuo, nyingine unaletewa kwa kijiko.

Mwl. Chaki Nyeupe
Ni 40 sasa, tangu bajeti ya 2024/25. Kama hujui, nyamaza. Na hicho kijiko kinakuja kila mwezi hadi nife. Bodaboda anastaafu na nini? Na ukurutu wa mapaja kwa joto la injini?

Shabiki wa Jangwani
😂😂😂 Ukurutu wa mapaja. Mods msifunge huu uzi.

Dada wa Vitenge
Mimi ndiye ninayewapa hiyo mizigo, niwaambie ukweli. Hiyo 45,000 ni ya tarehe 25 hadi tarehe 5. Katikati ya mwezi simu yangu hailii, wateja wanaandika "nitakuchek" na kupotea. Mwezi wa nne mvua za masika zikishika ndiyo kabisa, hakuna anayeagiza kitenge kije kimelowa. Kwa hiyo hiyo 26 unayozidishia, kaka Kasha, naomba uitazame tena. Na mtuambie pia kwa nini tukikubaliana 5,000 ya Mbezi, mteja anapigiwa simu getini anaambiwa 7,000.

Mzee wa Kasha
Dada, hiyo 2,000 ni ya kungoja. Mteja anakuambia "niko getini", unakaa dakika 40, anatoka na kanga anasema hana chenji.

Dada wa Vitenge
Hela ya kungoja iwe kwenye bei yangu, siyo kwenye simu ya mteja wangu. Nimeshapoteza watu wawili hivyo.

Fundi wa Mwananyamala
Tajiri anachukua hesabu Jumapili pia, au nakosea? Nne kwa mwezi ni 40,000. Oili, pedi za breki, cheni, pancha, weka 40,000 nyingine, na hapo sijagusa tairi. Kutoka 494,000 umebaki na 414,000. Na hesabu ya Dada bado haijaingia.

Tajiri Mdogo
Naona mnamtaja tajiri kama mchawi. Nina pikipiki tatu, nilinunua kila moja 2,900,000. Kwa 10,000 kwa siku, miezi 14, narudishiwa 4,200,000. Inapendeza kwenye karatasi. Moja iliibiwa Goba, dereva kazima simu mpaka leo. Ya pili iko uwanja wa polisi. Ya tatu kila Ijumaa naambiwa "bosi leo kugumu". Nani kati yenu atanipa pole?

Mpiga Debe Mstaafu
Pole. Tuma namba tukuchangie.

Kijana wa Sinza
Tatizo ni hizi programu za simu za kuitia usafiri, zinamkata dereva kamisheni kubwa. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, walijaribu kuzibana, wakaweka mwisho asilimia 15, Uber wakafunga virago. Nadhani 2021.

Fundi wa Mwananyamala
Aprili 2022. Wakarudi mwaka uliofuata, kiwango kilipopandishwa. Lakini hiyo ilihusu kubeba abiria, siyo maboksi ya keki. Kasha anachukua mizigo kwa simu yake mwenyewe, nani anamkata?

Kijana wa Sinza
Nilikuwa natoa mfano tu mkuu, punguza ukali. Ila serikali nayo imesaidia, faini yetu ya makosa ya barabarani ilishushwa toka 30,000 hadi 10,000.

Mpiga Debe Mstaafu
Ndiyo maana mnapita taa nyekundu kwa bei ya punguzo.

Mguu wa Chuma
Bado nipo. Bado nangoja kuhusu mguu.

Shabiki wa Jangwani
Si mjiandikishe NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii? Wanapokea waliojiajiri.

Mguu wa Chuma
Haya. Madereva mliomo humu, aliyechangia mwezi uliopita anyooshe mkono.

Mwl. Chaki Nyeupe
Kimya kama darasa la hesabu.

Kijana wa Sinza
Mwalimu na wewe unafurahia watu kuvunjika miguu? Huo ndio ualimu?

Mwl. Chaki Nyeupe
Sijafurahia. Nimetukanwa tangu asubuhi kwa sababu mtu mmoja kanunua kiwanja. Mdogo wangu wa tumbo moja ni dereva wa boda, watoto wake wawili nawasomesha mimi. Hilo Kasha hakuliweka kwenye hesabu.

Mzee wa Kasha
Mwalimu, neno la kukopa nalifuta. Lilinitoka kwa hasira za shemeji. Lakini 414,000 ya Fundi nayo siikatai, nimekaa nayo hapa naitazama. Kiwanja nilikilipa kidogo kidogo kwa mchezo wetu wa kijiweni wa kuchangiana hela kwa zamu, watu 12, na zamu yangu ilitoka kabla sijaharibikiwa na kitu. Mwenzetu mmoja zamu yake ilimkuta kitandani, hela yote ikaenda kwenye vyuma vya paja.

Fundi wa Mwananyamala
Kwa hiyo jibu ni bahati?

Mzee wa Kasha
Sijasema hivyo. Mguu, swali lako nimeliona tangu asubuhi. Nina keki ya Bunju na mvua imeanza, nitajibu nikirudi.

Mpiga Debe Mstaafu
Keki, mvua, Bunju. Mteja ataila kwa kijiko kama pensheni ya Mwalimu.

Mguu wa Chuma
Taratibu pale Africana, maji yanafunika shimo.

Dada wa Vitenge
Kaka Kasha, ukifika salama nitafute inbox. Hicho kiwanja cha Chanika kina hati, au ni karatasi ya serikali ya mtaa?