Naombeni ushauri: nitie sahihi riwaya iondolewe shuleni, au nikatae?

Mama wa Wawili
Habari zenu wapendwa. Binti yangu ana miaka 14. Mwalimu wao wa fasihi amewapa riwaya ya kusoma likizoni. Juzi natandika kitanda chake nikaikuta chini ya mto, ukurasa mmoja umekunjwa pembe. Nikausoma nimesimama vilevile. Mwalimu anamwita mwanafunzi ofisini jioni, anafunga mlango, na yule msichana anabaki kuutazama ufunguo uliowekwa mezani. Mwandishi haelezi mengi, ila mtu mzima anajua kinachofuata. Chini ya sentensi moja, "Nani ataniamini?", kuna mstari wa penseli.

Sasa kwenye kundi la wazazi inazunguka karatasi ya kutaka kitabu kipigwe marufuku shuleni. Jina langu linasubiriwa. Moyo unasita na sijui kwa nini. Nisaidieni.

Baba Mkali
Tia sahihi dada yangu. Miaka 14 ni mtoto. Mwenye miaka 17 tungejadili. Na kitabu cha lazima hakimpi mtoto nafasi ya kusema hiki kimenizidi, anakisoma akitaka asitake kwa sababu kuna mtihani. Mimi sisemi kichomwe, nasema kisilazimishwe.

Ticha wa Fasihi
Baba Mkali ana hoja, lakini hiyo karatasi haisemi anachokisema yeye. Kukitoa kwenye orodha ya lazima ya darasa moja ni jambo moja, kukifuta maktaba kwa kila mwanafunzi ni jingine kabisa. Marekani walifikishana hadi Mahakama ya Juu kwa hilo. Bodi ya shule ya Island Trees iliondoa vitabu maktaba, wanafunzi wakaishtaki, na mwaka 1982 majaji wakawaunga mkono wanafunzi kwa kura 5 dhidi ya 4. Unaona ilivyokuwa ngumu hata kwao.

Nakushauri umwone mwalimu kwanza. Muulize amepanga kuifundishaje sura hiyo. Kama hana jibu, hapo tatizo lipo, na ni la ufundishaji. Mimi sura kama hizo siwapi wakasome peke yao nyumbani. Tunazisoma darasani, polepole, na mlango wangu uko wazi baada ya kipindi.

Msomaji wa Siku Nyingi
Wangapi humu wanakumbuka Rosa Mistika ya Kezilahabi? Ilitoka 1971, ikapigwa marufuku shuleni kwa sababu hizihizi, baadaye ikaja kusomeshwa sekondari. Na inasimulia nini? Binti aliyelelewa kwa ukali wa baba, akafungiwa kila kitu, na alipotoka nyumbani hakuwa na cha kumkinga. Nilipoisoma nilimkasirikia Rosa. Niliporudia nikiwa mzazi, nikamkasirikia Zakaria, baba yake.

Baba Mkali
Mzee, nakuheshimu, lakini si kila kitabu chenye mambo ya kitandani ni Rosa Mistika. Vipo vilivyoandikwa viuze tu.

Msomaji wa Siku Nyingi
Kweli vipo. Ndiyo maana anayetaka kukikataa akisome chote, siyo ukurasa uliokunjwa. Kwenye hiyo karatasi wamesoma wangapi?

Dada Mkubwa
Samahanini, mnajadili kitabu na mimi nimekwama kwenye penseli. Mama wa Wawili, huo mstari ni wa nani? Kitabu ni kipya au kimepita mikono mingine? Kabla ya sahihi, kabla ya mwalimu, kaa na mwanao. Usimwulize kwa nini anasoma mambo haya. Mwulize hiyo sentensi imemgusa wapi, kisha nyamaza usikilize.

Mama wa Wawili
Nimerudi. Dada Mkubwa, Mungu akubariki, nilikuwa nimeuona ule mstari na sikuuona.

Kitabu ni kipya, penseli ni yake. Nilimkuta anakunja nguo, nikaanza kukunja naye. Amesema hakuna lililompata, na nimemtazama machoni, namwamini. Kundi la wazazi nimewaandikia kwamba sitii sahihi, na kesho asubuhi namwona mwalimu. Riwaya naisoma sasa mimi, niko sura ya nne.

Ila kabla hajaniambia hivyo alinyamaza muda mrefu, ameshika shati moja tu mkononi, halafu akaniuliza: "Mama, ingekuwa ni mimi, wewe ungeniamini?"