Naomba ushauri: banda la kuku kwa paleti na mabati chakavu

Mwanzisha uzi:
Wakuu, habari. Nina kuku 12 wa kienyeji, wanalala stoo na kwa kweli nawaonea huruma. Nimekusanya paleti (zile chaga za mbao za kubebea mizigo), mabati yaliyoezuliwa na mlango wa zamani wenye rangi. Wavu sina. Niangalie nini kabla sijaanza kupigilia? Mbao nizipake oili chafu kuzuia mchwa?

Fundi Randa:
Mkuu, kagua paleti moja moja, utafute muhuri wenye herufi. Yenye HT ilipashwa joto, hiyo tumia. Yenye MB ilifukizwa kwa sumu ya methili bromidi, achana nayo. Yenye madoa ya mafuta au harufu ya dawa nayo iache, hata kama ni HT. Huo mlango, kama rangi yake inabanduka, usiuweke kabisa. Rangi za zamani nyingi zina madini ya risasi (ledi), ambayo ni sumu; kuku anadonoa magamba, risasi inaishia kwenye yai unalompa mtoto.

Bi Mfugaji:
Oili chafu hapana, ndugu yangu. Ina sumu na kuku watajisugua humo kila siku. Kwa mchwa, inua banda juu ya mawe ili mbao zisiguse udongo.
Adui mkubwa wa paleti ni utitiri. Mchana umejibanza kwenye nyufa, usiku unatoka kunyonya damu. Futa chini ya fito za kulalia kwa kitambaa cheupe usiku; ukiona michirizi myekundu, umeshaingia. Ziba nyufa, kisha paka chokaa nzito, hasa kwenye maungio.

Mlinzi wa Vifaranga:
Vyote okoteza, wavu nunua. Ule mwembamba wa kuku unamzuia kuku asitoke, haumzuii kicheche asiingie. Chukua wa kuchomelea, matundu nusu inchi, ufukie sentimita 30 kuzunguka banda. Acha nafasi ya hewa chini ya paa, juu ya vichwa vyao wakiwa wamelala. Kuku 12 wanataka fito ya mita 3 hivi.

Mwanzisha uzi:
Asanteni sana, mlango nautoa. Na mabati yenye matundu ya misumari?

Fundi Randa:
Yapandanishe vizuri, tundu la chini lifunikwe na bati la juu. Yaliyobaki ziba kwa lami. Ukimaliza, pitisha sumaku chini pote kabla hujawaingiza. Kuku akiona kimsumari kinang'aa, anameza.