Naomba ushauri: kichwa kinamuuma mke wangu baada ya ganzi ya mgongo

Wakuu, habari zenu. Mke wangu kajifungua kwa upasuaji wiki hii, alichomwa sindano ya ganzi mgongoni. Tangu kesho yake kichwa kinampasuka kila akiketi au kusimama. Akilala chali kinatulia. Homa hana, shingo haijakaza. Wodini wanasema maji ya uti wa mgongo yanavuja pale sindano ilipopita, wamempa dawa za maumivu, anywe maji na kahawa. Mama mkwe yeye anasema ni upepo, afungwe kitambaa!

Nasikia kuna tiba ya kutoa damu yake mkononi na kuidunga mgongoni ili izibe tundu. Mliopitia hili, mlisubiri muda gani kabla ya kuiomba? Na hiyo kahawa, mtoto anayenyonya haimkoseshi usingizi?