Naomba ushauri: funza wa nzi chuma kama chakula cha samaki

Wakuu, naombeni ushauri. Nafuga sato na kambale, na nimeanza kuzalisha funza wa nzi chuma (black soldier fly, nzi mweusi ambaye funza wake hula mabaki) kwa mabaki ya matunda na mboga ili nipunguze unga wa samaki kwenye chakula chao. Kuvua samaki wadogo baharini ili kulisha wa bwawani kunanisikitisha kweli. Funza wakikaushwa wana protini karibu asilimia 40, ila mafuta nayo ni mengi. Kambale wanawagombania hata wakiwa wabichi. Sato wadogo wanatema vipande vyenye gamba gumu. Je, niwavune wakiwa bado weupe, kabla hawajageuka weusi? Na mafuta mnayakamuaje bila mashine kubwa? Nikianza kwa kupunguza robo ya unga wa samaki, ukuaji utashuka? Aliyewahi kufanya anielekeze tafadhali, hata kwa vipimo vya kukadiria.